Mtaro, drili au kupasua bomba la zamani: ipi inafaa mtaa wako Kigoma?

Kiangazi kikishika Kigoma, simu za mafundi bomba hazitulii. Mvua imekata tangu Mei, udongo umekauka, na kila mwenye bomba bovu anajua kwamba ikifika Oktoba au Novemba mawingu yatarudi juu ya ziwa. Wanapiga wenyeviti wa mitaa, wakuu wa shule, wenye nyumba za wageni, kamati za maji za vijijini. Siku hizi swali lao limebadilika. Zamani waliuliza mtachimba mita ngapi kwa siku. Sasa wameona video kwenye simu: mashine inaingiza bomba upande huu wa barabara, linaibukia upande wa pili, na lami haijaguswa. "Fundi, kwa nini sisi bado tunafukua?"

Huwa nawajibu kwa swali jingine: hilo bomba, kati ya mwanzo na mwisho wake, linagawa maji kwenye nyumba ngapi?

Nauliza kwa sababu kuna jambo ambalo zile video hazionyeshi. Bomba jipya likishapita chini, kila nyumba iliyokuwa ikinywa kwenye bomba la zamani lazima iunganishwe upya, na hilo halifanyiki kwa mbali. Fundi anashuka shimoni, anafunga klampu, anatoboa, anaunganisha. Chukua mtaa wa Ujiji wenye urefu wa mita 200, nyumba pande zote mbili kila baada ya mita 10. Hayo ni maunganisho 40. Kila shimo la kumtosha fundi kuchuchumaa na spana yake ni zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, kwa hiyo umechimba mita za ujazo 48 hivi kabla hujagusa mashimo mawili makubwa ya mashine. Mtaro mzima wa mita 200, upana nusu mita na kina mita moja, ni mita za ujazo 100. Umeokoa nusu ya uchimbaji tu, na bado hujalipia mashine iliyosafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam pamoja na watu wake.

Sasa chukua bomba la kupandisha maji kutoka kwenye pampu hadi tangi la juu mlimani. Urefu ule ule, maunganisho sifuri. Hapo hesabu inageuka kabisa. Ndiyo maana nasema maunganisho yahesabiwe kabla ya mita.

Mtaro wazi

Nianze na njia ya wazee, kwa kuwa ndiyo itakayoshinda kwenye mitaa yetu mingi. Ubaya wake unaonekana kwa macho: vumbi, vibaraza kuvunjwa, bodaboda kuzunguka, mama lishe kuhamisha jiko. Uzuri wake hauonekani haraka. Ukiwa na mtaro unaona kila kitu: jiwe, mzizi wa mwembe, bomba la jirani lililopitishwa kinyemela, waya wa simu. Unaweza kupinda ukikutana na kaburi. Unaweka mchanga laini chini ya bomba kwa mkono wako mwenyewe, na kila maunganisho yanafungwa mtaro ukiwa wazi, bila shimo la ziada.

Kwenye udongo mwekundu wa kichanga, mtu mmoja mwenye sururu na chepe hutoa mita za ujazo mbili hadi nne kwa siku. Tuseme tatu. Mtaro wetu wa mita za ujazo 100 unataka siku-kazi 33, yaani vijana 11 kwa siku tatu, na fedha inabaki mtaani. Kijijini, ambako RUWASA (wakala wa maji vijijini) na vyombo vya watumia maji ndio wenye mradi, kazi hii inaweza hata kuwa msaragambo. Kijiko, ile mashine ya kuchimba, kinafanya haraka zaidi, ila hakioni. Kijiko kikikata bomba la jirani utajua maji yatakaporuka.

Jambo la kuogopa kwenye mtaro ni kuta zake. Udongo wa mita moja ya ujazo una uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mwaka mmoja, Ujiji, mkandarasi tuliyekuwa chini yake alitaka kina cha mita 1.6 na hakutaka kununua mbao za kushikilia kuta. Mchanga wa pale ukikauka unamiminika kama mtama uliotobolewa gunia. Ukuta ulianguka saa saba mchana, watu wakiwa kwenye ugali. Chepe zilizobaki mle ndani tulizifukua kesho yake. Tangu siku hiyo mtu wangu hashuki chini ya mita 1.2 bila mbao au bila kuta kulazwa mshazari, na udongo uliotolewa hauwekwi ukingoni bali hatua moja nyuma.

Jambo la pili ni kufukia, na hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na miji ya tambarare. Mtaro uliofukiwa ovyo kwenye mteremko ni korongo lililoanza. Mvua ya kwanza inapita humo humo kwa kuwa udongo wake ni laini kuliko wa pembeni, na baada ya misimu miwili bomba linaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Tembea makorongo ya Mwanga au njia za kushukia Kibirizi utayaona. Dawa yake si ghali: udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ishindiliwe, na kwenye mteremko mkali uweke kizuizi cha mawe au viroba vya udongo kukatiza mtaro kila mita kumi hivi, ili maji yasiufanye mfereji. Mtu akikuletea bei ya mtaro isiyotaja kushindilia, hiyo ni bei ya nusu ya kazi.

Kupasua bomba la zamani ukivuta jipya

Njia hii ilianzia kwenye mabomba ya gesi Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kwa ajili ya mabomba ya chuma cha kutupwa yaliyochakaa. Kichwa cha chuma chenye umbo la pia kinavutwa ndani ya bomba la zamani. Kinalipasua, kinavisukuma vipande pembeni, na nyuma yake kinaburuta bomba jipya la HDPE, plastiki ngumu inayokunjika. Unachimba shimo la kuingizia na la kupokelea tu, na mvuto mmoja unaweza kwenda mita 100 au zaidi. Sifa yake kubwa ni kwamba unaweza kutoka na bomba nene kuliko la zamani, saizi moja au mbili zaidi. Kwa mji unaokua kama huu wetu, hilo si dogo.

Masharti yake ndiyo yanayotukwamisha. Bomba la zamani liwe la kitu kinachopasuka: chuma cha kutupwa, udongo wa kuchoma, asbesto, hata PVC. Bomba la GI, yaani la chuma kilichopakwa zinki, halipasuki. Linakunjamana, na linahitaji kichwa cha aina nyingine chenye visu vya kulichana. Viraka navyo? Bomba lililokaa ardhini miaka 40 limefungwa klampu za chuma, soketi, mahali pengine mpira wa tairi na waya. Kila kiraka cha chuma ni mahali kichwa kinapoweza kukwama, na kikikwama unachimba shimo jingine kukifuata. Ukiongeza mashimo hayo na yale ya maunganisho, mtaro unarudi kwa mlango wa nyuma.

Kuna na suala la kina. Mabomba mengi ya hapa yalizikwa vizuri, kisha mmomonyoko ukala udongo wa juu, leo yako sentimita 30 chini. Kupasua bomba lililo juu namna hiyo kunaiinua ardhi: vibaraza vinapasuka na bomba la jirani lililo karibu linaumia. Hapo nisingeleta mashine hata ya bure.

Kama bomba la zamani ni la asbesto, jua kwamba kupasua kunaviacha vipande ardhini. Kwenye mtaro nako usilikate kavu kwa grainda. Lowesha, tumia msumeno wa mkono, na vipande visiachwe watoto wakavichezea. Vumbi lake ndilo linaloua mapafu. Mara nyingi busara ni kuliacha lilipo na kupitisha jipya kando.

Halafu kuna jambo dogo ambalo wengi hawalisemi. HDPE ni nyeusi, inalala juani Agosti hadi inachoma mkono, kisha unaivuta kwenye udongo wa baridi. Mita 100 zikipoa nyuzi 20 zinaweza kufupika sentimita 30 hadi 40. Ukifunga ncha siku ile ile, usiku bomba linachomoka kwenye valvu. Liache lilale hadi kesho yake, na ncha ziache ndefu. Hii inahusu drili vilevile, hata mtaro.

Kuvalisha bomba ndani ya bomba

Hii ndiyo inayovutia wenye fedha kidogo: sukuma bomba jembamba ndani ya lile bovu, funga ncha, maji yaende. Kwa bomba la kupandisha maji lisilo na maunganisho ni njia nzuri kweli. Swali ni kiasi gani cha maji unapoteza.

Bomba la zamani la inchi 6 lina kipenyo cha ndani cha milimita 150 hivi. Ukilivalisha HDPE ya 110 (kipenyo cha nje kwa milimita) ya daraja la PN10, linalobeba presha ya baa 10, kipenyo cha ndani kinabaki karibu milimita 97. Eneo la kupitisha maji limeshuka hadi asilimia 42. Kwa presha ile ile, bomba jipya jembamba litapitisha karibu theluthi moja ya kile ambacho bomba la inchi 6 lilipitisha likiwa jipya. Lakini lile la zamani si jipya tena. Limeota kutu na magamba ndani, na chuma kilichoparuza hivyo kinaweza kupitisha nusu tu ya uwezo wake wa awali. Ukilinganisha na hali yake ya leo, unabaki na asilimia 60 au zaidi kidogo. Jumlisha maji yaliyokuwa yakivuja njiani na sasa hayavuji, na kuna nyumba ambazo hazitaona tofauti. Kuna nyingine, zile za mwisho juu ya kilima, zitaona vizuri sana.

Usisahau presha. Kila mita 10 za mwinuko ni baa 1, si ile ya bia. Tangi likiwa mita 100 juu ya bonde, bomba la bondeni linabeba baa 10 maji yakiwa yametulia, na PN10 imefika mwisho wake. Ukipanda daraja hadi PN16, ukuta unanenepa kwa ndani: 110 inabaki na milimita 90. Mji wa vilima unakula kipenyo.

Kuna pia soksi ya kitambaa iliyoloweshwa gundi, inayogeuzwa ndani ya bomba la maji taka na kukaushwa kwa maji ya moto, mvuke au mwanga hadi iwe bomba gumu. Mwingereza Eric Wood aliifanya London mwaka 1971. Ni kazi nzuri kwa miji yenye mabomba makubwa ya maji taka kutoka chemba hadi chemba. Kwetu, ambako nyumba nyingi zina shimo na gari la kunyonya, sitapoteza muda wako.

Kuvuka lami na reli

Hapa mtaro unashindwa, na nakubali bila ubishi. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, mitaa ya mji iko chini ya TARURA, na reli ina TRC, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 pamoja na ya SGR inayojengwa kuja huku. Hakuna kati yao anayefurahi kuona sururu kwenye tuta lake, na hata ukipewa kibali cha kukata lami, kuirudisha ilivyokuwa kunaweza kuzidi bei ya bomba lenyewe. Njia zilizobaki ni nne.

Drili ya mlalo inaingia kwa mshazari kutoka juu ya ardhi, inaongozwa kwa kifaa cha kufuatilia kilicho kwenye ncha, inatokea upande wa pili. Kisha tundu linapanuliwa na bomba linavutwa kurudi. Nayo ilianza mwaka huo huo wa 1971, kuvuka mto Pajaro, California. Mafundi wa nyaya za intaneti wanaitumia sana hapa nchini, na hao ndio video zenu zinawaonyesha. Inataka nafasi: ikiingia kwa nyuzi 12, inahitaji mita 14 hivi za mlalo kabla haijafika kina cha mita 3, na vivyo hivyo upande wa kutokea. Inataka pia maji mengi na udongo wa bentonaiti wa kushikilia tundu, kwa kuwa tundu la bomba la 160 hupanuliwa hadi 240. Tope hilo likipata ufa linaibuka juu, uani kwa mtu au kwenye kijito. Mawe yanaipotosha. Kwa bomba la presha ni sawa, kupanda na kushuka kidogo hakudhuru. Kwa maji taka yanayotegemea mteremko wenyewe, sikushauri.

Kugonga kesingi, yaani bomba la chuma la kinga, ni kazi ya nguvu: nyundo ya upepo wa kompresa inalipiga bomba la chuma lililo wazi mbele hadi litokee ng'ambo, udongo unabaki ndani yake na unaondolewa baadaye, kisha bomba la maji linapitishwa humo. Kwa kuwa udongo hautolewi mbele ya bomba, hakuna pango linaloachwa chini ya reli. Ndiyo sababu kwa reli naipenda kuliko drili, hasa kwenye mchanga. Kasoro yake ni kwamba haiongozwi. Ulivyoilenga ndivyo itakavyokwenda, kwa hiyo siku nzima inaweza kuishia kwenye kupima tu. Faida ya kesingi inabaki miaka yote: bomba likivuja, unalichomoa bila kumwomba mtu kusimamisha treni.

Fuko wa upepo ni kiroketi cha chuma kinachojipigia njia ardhini kama yule fuko wa shambani. Anafaa bomba dogo la nyumba kuvuka barabara ya mtaa, mita 10 au 15, udongo usio na mawe. Akikutana na jiwe anageuka, na mara chache huibuka asipotarajiwa.

Ya nne haimo kwenye vitabu lakini imo mitaani: bomba la chuma, mpira wa maji wenye presha, vijana wawili, na mnasukuma huku maji yakila mchanga. Bomba linapita, mteja anacheka, bei ni ya chai. Niliitwa mara moja kuangalia lami iliyokuwa imebonyea miezi miwili baada ya kazi kama hiyo. Tulipofunua, chini ya lami kulikuwa na pango la kumtosha mbuzi. Maji yalikula zaidi ya bomba lilichohitaji, na malori ya mizigo yakamalizia.

Kazi tatu za msimu huu

Ya kwanza ni shule iliyo ng'ambo ya barabara ya lami, bomba la 63, mita 12. Nafasi ya drili haipo, uzio uko karibu. Fuko, baada ya kuchimba mashimo ya majaribio kuona kama kuna mawe. Sikufikiria mara mbili.

Ya pili ni hoteli ya ufukweni, mita 150 kutoka kwenye pampu hadi tangi, bomba la zamani la chuma linavuja kila mahali, halina maunganisho. Nilikuja na wazo la mtaro kwa mazoea. Lakini tangu ziwa lilipopanda kuanzia 2020, ardhi ya ufukweni imejaa maji: ukichimba mita moja unakuta kisima, na kila mtaro unataka pampu yake. Mwenye hoteli hahitaji maji mengi, anahitaji yasipotee. Tukavalisha HDPE ndani ya chuma, kwa mashimo matatu tu. Hapo bomba jembamba ndilo lililofaa.

Ya tatu ni ule mtaa wa Ujiji. Kwenye karatasi bomba lilikuwa la asbesto, kina mita moja, upande wa kaskazini wa barabara, na mhandisi kijana aliyekuja na mwenye fedha alishaandika kupasua. Kabla ya kutia sahihi nilimwomba tuzunguke na mzee mmoja wa mtaa ule, mtu wa miaka themanini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Bomba gani mnatafuta, la kwanza au la pili?"

Hatukujua kwamba yako mawili. Akatupeleka upande wa kusini, chini ya mwembe, akaburuza fimbo yake mchangani hadi mlango wa msikiti. Tulichimba mashimo manne kufuata mstari wake. Bomba lilikuwa la GI, sentimita 40 chini, na kwenye mashimo matatu kati ya manne lilikuwa limefungwa mpira wa tairi. Maunganisho tuliyohesabu kwa mguu, nyumba kwa nyumba, yalikuwa 46. Mhandisi alikunja karatasi yake, akauliza kama vijana wa sururu wanapatikana Jumatatu.